Makuta ya Kutosha

Wiki jana tulipomwacha Coach Athanase, vitu viwili tu vilikuwa havijamkimbia: suti yake ya kijivu na ufunguo wa sanduku la Mavuno, nyumba yake ya akiba.

Mkewe alisharudi kwao. Stéphane, mshirika wake, yule wa kusimama kando ya jukwaa na kuitikia "ndiyo Coach" kila sentensi ikiisha, alikuwa ameshika njia ya Kolwezi na gari lao la semina, na simu yake ilikuwa haipatikani tena. Kanisa lililomwalika aje kufundisha vijana jinsi ya kutunza pesa lilisema kwanza tungoje, tuombe. Na mjini Likasi, kuanzia sokoni mpaka kwenye machimbo ya mawe ya Kakontwe, midomo yote ilikuwa na habari moja: Stéphane hakuondoka mikono mitupu, Mavuno imebaki sanduku la mbao na kufuli.

Habari yenyewe ilikuwa ya uongo, na hilo ndilo lililomchoma Athanase kuliko yote. Stéphane alikuwa na makosa yake, lakini ufunguo hakuwahi kuushika. Sanduku lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao Athanase, wa pili alikuwa nao mama Berthe, muuza samaki wa ziwa la Tshangalele, ambaye hata mumewe hakujua anauficha wapi.

Ila kuna jambo moja ambalo Athanase hakupenda kulieleza sana kwenye semina. Makuta, yaani pesa za watu, hayakuwa yote sandukuni. Mengi yalikuwa nje yakifanya kazi, yamekopeshwa wauza samaki, wanunuzi wa mahindi, wapasua mawe waliotaka mkokoteni. Yangerudi kwa wakati wake, na kidogo juu. Ndivyo nyumba yoyote ya akiba inavyokwenda. Inakwenda vizuri kabisa, mradi watu wote wasifike siku moja.

Na ndani ya sanduku lile mlikuwa na makuta ya dada yake.

Marcelline ni mkubwa wake, yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, tumbo moja. Mumewe alipokufa alimwachia kiwanja mtaani Panda, na kiwanja hicho ameshakiuza kwa ajili ya Daniella, bintiye wa pekee. Mtoto ana uvimbe shingoni. Ulianza kama punje ya hindi, watu wakasema ni jino, wakasema ni wivu wa majirani. Sasa Daniella hamezi kitu ila uji, na kulala analala ameketi, maana akijinyoosha pumzi inakatika. Daktari anayejua kazi hiyo huja Lubumbashi kutoka ng'ambo, anakaa wiki moja, anaondoka, na hakuna ajuaye atarudi lini. Zamu ya Daniella ilikuwa Ijumaa. Kabla ya kisu, malipo. Kwa hiyo Jumatano Marcelline atachukua chake, Alhamisi alfajiri mama na mtoto watapanda basi.

Marcelline alitaka kuficha pesa ile kwenye debe la unga. Ni Athanase aliyemkatalia. Alimsema jioni mbili nzima juu ya wezi, panya na ndugu wa marehemu wenye mikono mirefu, mpaka yaya akachoka akampa.

Basi Jumanne jioni, ili kuziba midomo ya mji, Coach akaenda redioni.

Mwenye kipindi alikuwa Jeancy, mtu wa kucheka na kila mtu, na alimpokea vizuri. Hapa lazima niseme jambo kuhusu Kiswahili cha Athanase. Alizaliwa kambini Panda, baba Mkasai, babu aliletwa kufanya kazi ya shaba, na nyumbani walisema Kiswahili kama chetu sote. Lakini baada ya miaka aliyokaa Dar es Salaam alirudi na kingine, kilichopigwa pasi. Alisema "hali kadhalika". Alisema "kwa mantiki hiyo". Watu wa Panda walilipa kiingilio wakasikilize tu. Nusu hawakuielewa, na hiyo nusu ndiyo waliyoiamini zaidi.

Kwa Kiswahili hicho hicho cha pasi, mbele ya kipaza sauti, akawaambia:

"Akina mama, akina baba, msiwe na hofu hata kidogo. Makuta yenu ni ya kutosha. Anayetilia shaka aje kesho asubuhi ajionee mwenyewe."

Jeancy alimtazama.

"Coach, kweli? Ya kutosha? Kesho?"

"Ya kutosha kabisa, ndugu yangu."

"Bamama, mulisikia," Jeancy akawaambia wasikilizaji. "Makuta ya Mavuno ni ya kutosha. Kesho asubui." Akaweka muziki.

Athanase alirudi nyumbani kwa miguu, na muda mrefu ulikuwa umepita tangu aione njia ile ikiwa tamu vile. Muuza mkate alimbariki. Wanaume waliokuwa wanacheza dama waliinuka kumpa mkono. Mama mmoja aliyekuwa hamsalimii tangu habari za Stéphane alimwita papa, akamwambia wengine wanakatalia makuta ya bantu, ya watu wenzao, lakini yeye ni mtu. Athanase akaitikia kwa kichwa kama askofu. Aliona jina lake limerudi.

Asubuhi alivaa suti. Mpango wake ulikuwa rahisi: atafungua sanduku, atawaonyesha, atafunga, wataomba, wataondoka. Alipokata kona ya nyumba ya Mavuno akaona uwanja umejaa mpaka barabarani, moyo ukampanda. Semina zake zote hazijawahi kujaza hivyo.

Kitu kimoja tu hakukielewa. Kila mtu alikuwa na mfuko.

Mwingine wa nailoni, mwingine wa unga uliooshwa, mwingine kitenge kilichofungwa pembe nne. Akajiuliza mtu anakuja kuona, mfuko wa nini? Wa kwanza mbele ya mlango alikuwa mama Clotilde, mpasua mawe wa Kakontwe, mwanamke ambaye watu wa kule wakigombana humpelekea yeye kwanza kabla ya chifu. Naye alikuwa na mfuko. Alimtolea Coach tabasamu, akamwambia Mungu amuongezee.

Kabla hajajibu akavutwa mkono kwa nyuma. Mama Berthe alikuwa ameingia kupitia uani, beseni kichwani, ananuka moshi wa samaki. Usiku ule alikuwa ziwani, redio hakuisikia. Lakini njiani alikutana na wenzake wanakimbia kuja mjini, samaki wameachwa juu ya mchanga kama hawana mwenyewe.

"Weye njo ulisema bakuye kutosha?"

"Mimi? Nimesema waje waone. Nimesema makuta ni ya kutosha."

"Basi. Njo bale pale."

"Mama Berthe, ya kutosha. Yaani yamekamilika. Yaani hayana upungufu. Yaani..." Alitafuta neno, na lililomjia lilikuwa la jikoni kwa mama yake, ambalo hajalitamka mbele ya watu tangu arudi kutoka Dar. "Yaani inaenea."

Mama Berthe akashusha beseni chini, polepole.

Huku kwetu hata mtoto anayetambaa anajua. Kutosha ni kuondoa. Unatosha chungu juu ya moto, unatosha kiatu ku muguu, unatosha makuta mu sanduku. Kitu kikitimia tunasema kinaenea. Kwa watu wa Dar kinachoenea ni moshi na magonjwa. Athanase aliyajua hayo kabla hajaota meno. Aliyasahau kwa kutaka mwenyewe, kama mtu aliyepata vikombe vya kaure akasahau kwamba kwao wananywea vikombe vya bati.

Kwa hiyo usiku kucha Likasi nzima ilikuwa na furaha, kwa sababu Coach mwenyewe, kwa mdomo wake, amewaambia waje wachukue pesa zao.

Athanase akasema atawaeleza. Mama Berthe akamkataza. Alimwambia kuna dawa moja tu hapa, kulipa, tena kwa kucheka. Mtu akilipwa anapoa, akipoa anakwenda zake, kesho anarudisha mwenyewe kwa aibu. Lakini mwache mtu aone unaeleza, atajua umekwama. Yule mama hajasoma, lakini biashara ya samaki imemfundisha harufu ya woga.

Athanase hakusikia. Maneno ndiyo yaliyomlisha maisha yake yote. Angeyaachaje siku hiyo? Akapanda juu ya kiti.

"Ndugu zangu, jana hamkunielewa. Makuta haya si ya kutosha."

Mifuko ikashushwa.

Kwa masikio ya Panda alikuwa amesema: hamtoi kitu. Na hapo ingeweza kubaki hasira tu, hasira inazungumzika. Ila nyuma kabisa alikuwa amesimama Léon, dereva wa lori la safari ndefu, mtu ambaye hawezi kunywa maji bila kuwaambia aliyanywa wapi huko Tanzania.

"Minye naendeshaka lori mpaka Dar," akasema Léon, akiwageukia watu kama mwalimu. "Kule mutu akikuambia 'si ya kutosha', ni kusema haienei. Coach anasema makuta haienei."

Athanase akainua mikono yote miwili. Akasema hapana, yanatosha, yanatosha.

"Basi tosha," akajibu mama Clotilde.

Watu wakacheka. Kicheko kilikuwa kirefu, halafu kikakatika chote kwa mara moja, na ile ndiyo saa mambo yalipoharibika. Kwa Kiswahili cha Panda alikuwa amewanyima pesa zao. Kwa Kiswahili cha Dar alikuwa amekiri kwamba hazipo. Na mji mzima sasa ulikuwa na mkalimani.

Mlango ulianza kulia kwa kusukumwa. Mama Berthe hakungoja ruhusa. Akatoa ufunguo wake mahali anapojua yeye, akamsukuma Athanase kwa bega atoe wake, sanduku likafunguliwa, kazi ikaanza.

Walilipa asubuhi yote. Mama Berthe alikuwa anacheka na kila mmoja: anauliza wajukuu, anamtania huyu kwamba anakuja kuchukua za kumwongezea mke wa pili, anamsema yule kwamba mfuko wake umetoboka. Ungemwona ungesema ni siku ya sikukuu. Kati ya mtu na mtu alikuwa anapima kwa jicho kilichobaki sandukuni.

Lakini dawa ile haikushika. Aliyelipwa hakwenda kulala. Alipiga simu kwa ndugu zake wawahi. Mstari ulikuwa unakatwa mbele, unaota nyuma. Wapasua mawe walifika wangali na vumbi jeupe nyusini.

Katikati ya hayo Marcelline akaingia kwa mlango wa uani na Daniella mkononi. Hakuja kwa ajili ya redio. Ilikuwa Jumatano, siku waliyopatana, amekuja kuchukua cha kwake. Mtoto alishasukwa nywele za safari, kitambaa kimefungwa shingoni kuficha uvimbe.

Athanase akawaingiza chumba cha ndani. Akamwambia yaya angoje kidogo. Watu wakimwona dada ya Coach anatoa, hakuna atakayebaki na akili. Akamwapia kwamba chake kipo chote, hakijaguswa. Na ilikuwa kweli.

"Nangoya," Marcelline akasema, akakaa.

Jua likiwa juu ya vichwa, mama Berthe akatia mkono sandukuni akauacha humo. Akamvuta Athanase sikio, akamnong'oneza kwamba kuanzia hapa ni ya mtoto. Kilichobaki ni cha Marcelline, na noti chache tu juu yake.

Athanase akafunga sanduku. Akatoka mlangoni akasema wamepumzika, wataendelea baadaye.

Jiwe la kwanza lilitua juu ya mabati. La pili likavunja kioo. Mama mmoja alianza kulia kama wanavyolia msibani, na wengine wakampokea sauti, na mwanamume aliyekuwa amembeba mtoto mabegani akamshusha akampa mkewe, akaanza kukunja mikono ya shati.

Ni Léon tena. Wengine Mungu aliwapa macho ya kuona mlango wa uani.

"Dada yake iko mule ndani," akasema. "Nilimuona anaingia. Yeye anatosha yake, shiye tunaambiwa tupumuzike."

Hapo mama Clotilde, ambaye watu wake wa Kakontwe walikuwa bado mstarini, akainua mkono, na kwa heshima waliyonayo kwake wakamwachia nafasi. Hakupaza sauti. Akamwambia Athanase kwamba wao si wezi, hawakuja kubomoa nyumba ya mtu. Wanataka kujua jambo moja tu, na la kuwajulisha si maneno yake. Amlete dada yake. Kama makuta yapo salama, dada aseme mbele ya wote kwamba yeye ya kwake anayaacha. Akiyaacha yeye, ndugu wa damu, na wao watayaacha.

Mama Berthe, nyuma ya mlango, alifumba macho. Aliona, kama Athanase alivyoona, kwamba hilo lingemaliza mambo.

Athanase akaingia chumba cha ndani. Daniella alikuwa amesinzia akiwa ameketi, kichwa ukutani, pumzi inapiga mluzi. Athanase akachuchumaa mbele ya dada yake na suti yake ya kijivu. Alimweleza haraka, kwa Kiswahili cha Panda, kile cha utoto. Kingine kilikuwa kimemwisha.

"Yaya, ni maneno tu. Bakishaenda, ninakupa yote kupitia nyuma. Leo leo."

"Unataka niseme bongo mbele ya bantu, nibadanganye."

"Useme neno moja. Sitoshe. Basi."

"Na bakikatala kuenda?"

"Bataenda. Bantu minye nabajua. Njo kazi yangu."

Marcelline alimtazama mtoto, akamrekebisha kitambaa cha shingo, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Weye uko manseba wake," akasema. Kwa Wakasai mjomba si mtu wa zawadi za Krismasi. Manseba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, akiozwa, akiugua, akifa. "Kama ingekuwa mutu mwingine ananilomba vile, ningemutemea mate. Lakini uko manseba wake."

Akatoka. Hakupanda kiti. Alisimama mlangoni, mwembamba, na kitenge cha ujane ambacho hajakivua, na watu wa nyuma wakainuka kwa vidole ili wamwone.

"Minye njo Marcelline. Munanijua. Makuta ya kiwanja ya marehemu bwana yangu iko humu. Dawa ya mutoto wangu iko humu." Akanyosha mkono kuelekea ndani. "Sitoshe. Inabakia."

Halafu kizee mmoja, aliyelipwa tangu asubuhi na bado yuko pale kwa kupenda kuona, akasogea mbele, akafungua pembe ya kitenge chake, akaweka zake juu ya meza. Akasema kama mama wa mtoto mgonjwa ana moyo vile, yeye mzee anaogopa nini.

Wa pili akafuata. Kisha wa tatu, na wa nne akamsukuma wa tatu. Mstari ukageuka kichwa kikawa mkia. Waliochukua asubuhi waliitwa na simu zile zile warudishe, wakarudi na aibu zao na mifuko yao. Wanawake walikuwa wanamshika Marcelline mikono, wanalia, wanamwita mama. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani. Jeancy alipita na kinasa sauti chake, akamwambia Athanase usiku wa leo lazima aje redioni tena, hii ni habari ya kupeleka mpaka Lubumbashi.

Na Athanase akalia. Machozi ya kweli kabisa. Kwa miaka yote ya semina hajawahi kuona watu wakifanya alichowaambia, na leo wanakifanya, na aliyewaambia si yeye. Sanduku lilijaa kuliko lilivyokuwa kulipokucha. Ya Daniella yalikuwa humo mara kadhaa. Kilichobaki ni watu waondoke.

Hapo ndipo mama Clotilde alipoinua mkono tena.

Alizungumza vizuri, tena kwa upendo. Alisema leo wamejifunza kitu. Alisema wamemuamini mama huyu, na watu wakiaminiana ni vizuri waaminiane kwa macho. Maneno juu ya Stéphane yalizaliwa kwa sababu ufunguo mmoja uko kwa Coach na wa pili uko kwa rafiki wa Coach. Basi huu wa pili ukae kwao, kwa wenye makuta, mpaka Jumapili baada ya misa, wakutane hapa, wafungue wote pamoja, kila mtu aone, na midomo ya mji ifungwe kabisa.

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Wakapiga makofi. Wakasema ashike yeye mwenyewe, mama Clotilde.

Jumapili. Daktari anakata Ijumaa, Jumamosi anapanda ndege.

Mama Berthe alitoa ufunguo. Aliushika kwa vidole viwili, mbele ya wote, hakuunyosha kwa mtu. Akamgeukia Athanase.

"Coach. Nimupatie?"

Alikuwa anampa nafasi. Neno moja tu. Hapana, kuna mtoto, kuna Ijumaa, dada yangu alisema vile kwa sababu nilimwomba. Athanase aliliona neno lote limesimama mbele yake. Aliona na kioo kilichovunjika, na yule mwanamume wa kukunja mikono ya shati akiimba na mtoto mabegani tena. Aliwaona wote wanavyomtazama, kama alivyotamani kutazamwa tangu siku aliyorudi kutoka Dar na tai shingoni.

Akaitikia kwa kichwa.

Marcelline alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Alikiona kile kichwa kikishuka na kupanda.

Mama Clotilde akauchukua ufunguo, akautia kifuani ndani ya nguo, akaomba sala fupi, akaondoka na watu wake kwenda Kakontwe. Uwanja ukabaki na maganda ya karanga. Mama Berthe alibeba beseni lake bila kuaga.

Athanase akaanza kumwambia dada yake kwamba ataenda, ataongea na mama Clotilde polepole, pembeni, ni mama mwenye kuelewa. Marcelline alimuuliza ataenda kumwambia nini. Kwamba yeye Marcelline alisema bongo mbele ya bantu bote? Na Kakontwe nzima ikisikia, watarudi na mfuko au watarudi na kiberiti? Aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza bei. Athanase akalitazama sanduku, lakini hata kulivunja kungeuthibitishia mji habari ile ya Stéphane.

"Minye nilibaambia bile ulinilomba," Marcelline akasema. "Sasa weye njo utaenda kumuambia yeye."

Akamwonyesha chumba cha ndani.

Daniella alikuwa ameamka. Alikuwa amefungua begi la safari juu ya magoti, anapanga vitu vyake tena, anatoa anarudisha. Kelele za nje alizisikia, na wimbo aliusikia, na aliona ni mambo mazuri, kwa sababu mwisho watu waliimba. Sauti yake siku hizi inatoka kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

"Tonton," akamwita mjomba wake, "kule ku Lubumbashi balisema nikuye na nguo ya kulala. Nikamate ya bluu, ao ile ya maua?"

Athanase akakaa kando yake. Amewahi kusimama mbele ya kumbi zilizojaa bila karatasi mkononi, na maneno yakaja yenyewe. Yalikuja na sasa, mepesi vile vile, hayakumgharimu kitu.

"Kamata ya bluu," akasema.

Mtoto akatabasamu, akaikunja ile ya bluu mara mbili, akaitia begini juu kabisa.

Mlangoni Marcelline alikuwa amesikia. Akaingia, akafunga mlango kwa ndani, akaegemeza mgongo wake juu yake.

"Hautoke humu kama haujamuambia."

Daniella akamtazama mama yake. Kisha akamtazama mjomba wake.

"Kuniambia nini?"